Siku Muhindo Alipokubali

"Sawa. Andika unavyotaka."

Olive alisoma ujumbe huo akiwa amesimama kwenye mashine ya fotokopi, karatasi za mteja zikiendelea kutoka na kumwagika sakafuni. Akausoma tena. Jina lilikuwa la Muhindo. Picha ilikuwa ya Muhindo, ile aliyopiga na shati jeupe mbele ya depo yake ya mchele na sukari. Lakini maneno hayo hakuwahi kuyaona kutoka kwake tangu wajuane. Akacheka peke yake mpaka mteja akamtazama kwa wasiwasi.

"Maman, makaratashi yangu inaanguka."

"Pole, papa. Nimepata habari ya muzuri."

Na kweli ilikuwa habari nzuri, kwa mtu aliyevijua vita vyao. Muhindo alikuwa mchumba wake. Kabla ya kuwa mchumba alikuwa adui yake, na hata baada ya kuwa mchumba hakuuacha uadui wote, kwa sababu wote wawili walikuwa waandishi wa Jamaa ya Kavira.

Jamaa ya Kavira lilikuwa kundi la mtandaoni la wapenzi wa mchezo mmoja wa redio uliorushwa kutoka Goma kila Jumamosi. Ulikuwa mchezo wa Kavira, mwanamke wa sokoni, na mumewe Deo, dereva wa lori aliyeondoka asubuhi moja na hakurudi. Aliyekosa kusikiliza alisoma muhtasari kwenye ukurasa wa kundi, na muhtasari huo waliuandika wanachama wenyewe. Kila mmoja aliruhusiwa kubadilisha neno la mwenzake, ila sharti aandike sababu chini yake. Hapo ndipo moto ulipowaka. Msomaji, kama hujawahi kugombana wiki nzima na mtu usiyemwona, kisa kama Kavira "alilia" au "alitokwa na machozi", mshukuru Mungu wako. Watu wazima, wenye watoto na madeni ya kanisani, walinuniana kwa ajili ya "polepole" na "taratibu". Gradi wa Kolwezi, aliyesimamia kundi pamoja na Olive, alikuwa akilalamika kwamba anaamua kesi nyingi kuliko chifu wa kijijini kwao.

Katika wote hao hakuna aliyekuwa mbishi kama Muhindo. Ukiligusa neno lake, alilirudisha. Ukilitoa tena, alilirudisha na sababu ndefu kuliko ya kwanza, na hakuna siku aliyoandika kwamba mwenzake anasema kweli. Olive alimchukia kabisa. Alijua moyoni ni mzee fulani wa Butembo mwenye miwani na nongwa.

Mpaka mchana mmoja, katikati ya ubishi, mzee huyo akaandika: "Ningoje, courant imekatika hapa Bel-Air."

Olive naye alikuwa Bel-Air, mtaa huohuo wa Lubumbashi, kwenye kijiduka chake cha kupiga chapa, mashine zake zote zimezimika dakika hiyo hiyo. Kabla jua halijazama, kijana mrefu mwenye sauti ya chini alikuwa mlangoni pake na chupa ya jusi baridi, amekuja kuumalizia ubishi ana kwa ana. Hawakuumaliza. Walianza kuonana kila siku.

Nje ya ukurasa, Muhindo alikuwa mtu wa kukubali. Wale nini, wakae wapi, waende misa ya Wakatoliki au kanisa la kwao, yote alimwachia Olive. Siku moja Olive alimuuliza kwa nini basi ni mgumu hivyo kwenye maandishi.

"Ku maisha nitakukubalia byote," Muhindo akasema. "Lakini ku page, hapana. Ukitoa neno yangu, najua kama uliisoma muzuri. Na mi nikirudisha, ujue nilikusoma. Muntu anakubali tu kitu yenye hakusoma."

Olive alimwambia hayo ni maneno ya mfanyabiashara. Lakini aliyaweka moyoni.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya Deo. Olive aliandika, "Deo alimtupa Kavira." Muhindo akafuta, akaandika, "Deo aliondoka." Sababu yake ilikuwa kwamba hewani hakuna aliyesikia Deo aliondoka kwa ajili ya nini. Sababu ya Olive ilikuwa kwamba mwanaume asiyerudi amekutupa, basi, mengine ni mapambo. Neno hilo lilitolewa na kurudishwa msimu mzima wa mvua na msimu mzima wa kiangazi, na mapenzi yao yakakua pembeni yake bila kudhurika.

Kisha ukafika wakati wa kwenda kwa wazazi. Baba yake Olive, Mzee Alphonse, mtu wa kaskazini aliyezeekea kwenye kazi ya reli, alimpenda kijana huyo. Lakini alimwekea sharti. Kwao, kabla ya mahari kuzungumzwa, kuna présentation, siku ambayo familia ya kijana inakuja kujionyesha kwa familia ya msichana, na msichana anaulizwa mbele ya wote kama anawajua. Bila siku hiyo mtu hana mchumba, ana rafiki tu.

"Sitapokea kijana wa mubali kwa maneno ya simu," Mzee Alphonse alisema. "Mama yake akuye mwenyewe. Tumuone, atuone."

Mama yake alikuwa Goma. Ilikuwa Januari, na tayari watu walikuwa wakisema vita vimekaribia mji. Muhindo alisema mji ule umesikia bunduki mara nyingi na bado uko palepale, atakwenda na kurudi haraka na mama yake na dada yake Abigaïl. Olive alimwomba angoje. Hakumwomba sana. Naye aliitaka siku ile ifike, aitwe mke wa mtu mbele ya shangazi zake waliozoea kumuuliza kila Noeli anangoja nini.

Akiwa Goma, Muhindo bado alipata nafasi ya kugombana. Alipiga simu, mlio wa mbali ukisikika nyuma yake kama mtu anayeburuta makabati.

"Nimeona umerudisha 'alimtupa'. Nimetoa."

"Sababu?"

"Muntu anaweza kuondoka juu ya kukupenda."

"Rudia kwanza huku Lubumbashi, tutagombania hapa."

"Nitarudia. Lakini usiguse neno yangu, Madame la Secrétaire."

Ndivyo alivyomwita siku zote, Bibi Katibu, kwa kumtania. Olive akakata simu akitabasamu, akaingia kwenye ukurasa, akaligusa neno. Chini yake akaandika sababu: "Atakayerudi ndiye atakayeandika."

Kesho yake Goma ikaanguka.

Redio ikanyamaza. Umeme, intaneti, maji, kila kitu kikakatika huko. Wanachama wa Goma kwenye kundi wakapotea mmoja mmoja, alama zao za kijani zikazimika. Huku Lubumbashi Olive alipiga namba ya Muhindo mpaka vidole vikamuuma, na alipochoka alisali, na alipochoka kusali alipiga tena. Kisha, baada ya siku ambazo hakumbuki alizilaje wala alizishindaje, ujumbe ukaingia.

"Tuko bazima. Réseau iko mubaya. Tunatafuta njia ya kuya."

Alipiga magoti palepale dukani. Baadaye meseji nyingine zikafuata, fupi fupi. Uwanja wa ndege umefungwa. Wanapitia Rwanda. Wako Tanzania, mama amechoka. Wanangoja basi la Zambia. Simu hakuipokea hata moja, kila mara ni réseau, yaani mtandao, na Olive hakuona ajabu. Mtu aliyetoka kwenye moto hadaiwi sauti. Ilimtosha kwamba anakuja.

Katika kungoja huko ndipo kundi liliposema, redio imekufa, mchezo hautaisha, basi mwisho tuuandike sisi. Olive, kwa kuchokoza tu, kwa kutaka kumsikia yule mbishi wake, akamtumia Muhindo sentensi ya kufungia: "Deo alimtupa Kavira, na Kavira akaishi."

Na jibu likawa lile: "Sawa. Andika unavyotaka."

Alilipeleka kwenye kundi kabla ya kuokota karatasi za mteja. Kundi likalipuka kwa vicheko. Gradi akapiga simu kutoka Kolwezi.

"Olive, ulimulisha nini uyu muntu? Leo njo nimeona miujiza."

"Mapendo, Gradi. Mapendo inalainisha."

"Bon. Umeshinda. Nitafunga ile page haraka, mbele ya ye kubadilisha mawazo."

Alirudi nyumbani mapema siku hiyo, akampokea mama yake kisu, akaanza kukata sombe, majani ya muhogo, huku akiimba. Mama Jeanne alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali. Akauliza kuna nini. Olive akamweleza, tangu neno lilipoanza hadi lilipoisha, na mama akacheka, akasema safari inawafundisha wanaume wengi. Kisha, akiwa bado anacheka, akiinama kupuliza mkaa, akaongeza:

"Baba yako naye, siku alianza kunikubalia byote, njo siku nilijua eko mugonjwa. Nilimubeba ku hôpital."

Mkono wa Olive ukasimama.

"Ni nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu, maman."

Lakini kilikuwepo. Alinawa mikono, akaenda kukaa kwenye kitanda chake na simu. Akazisoma meseji zote tangu ile ya kwanza baada ya Goma kuanguka. Alizisoma kama alivyokuwa akisoma muhtasari wa watu anaotaka kuwakosoa. Hakuna mahali Muhindo alipomtania. Hakuna mahali alipomwita Madame la Secrétaire. Hakuna swali hata moja. Kila alichosema Olive, jibu lilikuwa ndiyo, sawa, asante, usijali.

Akasema atajaribu. Akafungua ukurasa kabla Gradi hajaufunga, akaandika kwamba Deo alikuwa mwoga. Neno baya, neno ambalo Muhindo angelivukia mto kulifuta. Akampelekea.

"Sawa," jibu likaja.

Kulikuwa na sentensi moja Muhindo aliyoipenda kuliko zote, aliyoiandika yeye mwenyewe zamani, kuhusu kicheko cha Kavira kinavyosikika kabla ya yeye kuonekana sokoni. Aliilinda sentensi hiyo kama mtu anavyolinda mtoto wake shuleni. Olive akaifuta yote. Akampelekea ukurasa bila sentensi hiyo.

"Hakuna shida, mupenzi."

Muhindo hakuwahi kumwita mpenzi. Alisema ni neno la redioni.

Olive akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatwa. "Réseau," meseji ikasema. Akaomba atumiwe sauti, hata ya neno moja. Hakutumiwa. Basi akaandika, taratibu, herufi moja moja, kwa maana alijua akishaituma haitarudi:

"We haiko Muhindo. We ni nani?"

Alama zikageuka buluu. Aliyesoma alianza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Olive alikaa na simu magotini huku mama yake akimwita chakula kimeiva. Hatimaye likaja.

"Ni Abigaïl. Tutaingia Kasumbalesa kesho, mi na mama. Tafazali utungojee. Usiniulize kitu mu simu."

Mi na mama. Olive aliyahesabu maneno hayo kama watu mezani. Hayakuongezeka.

Hakumwambia mtu ndani ya nyumba. Angewaambia nini? Hakuna aliyemwambia yeye. Asubuhi alipanda gari la Kasumbalesa na kusema anaenda kuwapokea wageni, na baba yake akafurahi, akamtuma Shangazi Virginie kununua kuku.

Mpakani malori yalikuwa yamepangana mpaka macho yanachoka, madereva wamelala chini ya matela, wabadilisha fedha wakipita na mabunda yao. Olive alikaa kwenye benchi ya mama mmoja muuza maandazi, akafungua ukurasa. Akamrudishia Kavira kicheko chake. Akautoa woga wa Deo. Akafuta "alimtupa" kila mahali lilipokuwa, akaandika "aliondoka", na alipofika kwenye sehemu ya sababu, ile ambayo yeye mwenyewe aliwalazimisha wote kuijaza, akaiacha tupu.

Gradi akaandika mara moja: "Olive, sababu?"

Gradi akauliza tena. Baada ya kitambo akaandika tu: "Naelewa," na akaufunga ukurasa kama ulivyo.

Walitokea upande wa Zambia jua likiwa kichwani. Mama Albertine, mama yake Muhindo, alikuwa mwanamke mfupi, kitenge chake kimeshika vumbi la nchi nne, anatembea kwa kuegemea begi. Msichana aliyemshika mkono alikuwa na kipaji cha uso cha Muhindo, kilekile, na Olive alipokiona alitaka kukigusa na alitaka kukimbia. Walisimama wakatazamana. Hawakuhitaji kuulizana majina.

"Eko wapi?" Olive akasema.

"Mwanangu," Mama Albertine akajibu, "utupeleke kwa baba yako kwanza."

"Maman, uniambie tu. Nishajua."

"Ata kama unajua. Ile habari haisemwaka mu barabara. Na haiambiwaka muntu mwenye kusimama peke yake. Njo maana sikukubali Abigaïl akuambie mu simu. Utupeleke."

Kwao ndivyo ilivyo, na kwa kina Olive pia. Habari ya namna hiyo hupewa mtu ameketi, ameshikwa na wake, na mkubwa wa nyumba yupo. Mpaka hapo haijasemwa, na kama haijasemwa huwezi kuilia. Basi Olive akachukua begi la mama mkwe wake, akatafuta teksi, na njia yote ya kurudi Lubumbashi akakaa na jambo analolijua na ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja. Nakwambia, kuna mateso, na kuna yale ya kuomba dereva aongeze mwendo ili ufike upesi mahali utakapovunjwa moyo.

Mama Albertine alikaa mbele. Nyuma, Abigaïl alilia bila sauti mpaka kola ya blauzi ikalowa. Walishapita malori mengi ndipo aliposema, akinong'ona:

"Unanichukia?"

Olive akamgeukia.

"Simu yake ilibakia kwangu. Alinipatia nichaji, akatoka kwenda kuchota maji. Kisha meseji yako ikawa inaingia, inaingia tu. Mama akasema, umujibu kidogo, umutulize, mpaka tufike. Sikujua namna munaongeaka. Nikasema, muntu anapenda, anakubali. Nikakubali byote."

"Ye hakunikubaliaka mu ile page," Olive akasema. "Ata siku moja."

Abigaïl akafunika uso. "Sikujua, yaya. Mungu anajua sikujua."

Alimwita yaya, ndugu yake mkubwa. Olive akageukia dirishani. Baadaye, karibu na mji, mkono wake ulitoka wenyewe ukaushika wa yule msichana, na ukakaa hapo.

Mzee Alphonse alikuwa mlangoni. Aliona wanawake wawili wakishuka, akatazama nyuma yao kwenye gari, akangoja, akaona mlango wa gari ukifungwa. Uso ulimbadilika. Aliingia ndani bila salamu, akatoka amevaa koti lake la kanisani, akamwambia Shangazi Virginie amwache yule kuku na alete viti. Mama Jeanne alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, akamkalisha, akakaa nyuma yake na kumzungushia mikono kiunoni.

Mama Albertine alikataa kiti. Alisimama katikati ya sebule.

"Papa, ulisema nikuye mi mwenyewe. Nimekuya. Mutoto wangu alikuya kunichukua, na risasi ikamukuta ku mulango, ndoo ingali mu mukono. Tulimuzika kule Goma, haraka haraka, pamoja na bengine. Ata mbao ya kuandika jina yake hatukupata muzuri."

Mwili wa Olive ulijikunja mbele, na mikono ya mama yake ikamzuia asianguke. Alifungua mdomo, lakini Mama Albertine aliinua kiganja, kwa upole.

"Ungoje, mwanangu. Ungoje kidogo tu. Sijamaliza." Akamgeukia tena Mzee Alphonse. "Kilio yake tulilia kule. Hapa nilikuya juu ya kazi alinituma. Mutoto alisema, mama, twende ukamuone bibi yangu na bazazi bake. Kazi ya mutoto wangu sitaitupa mu njia."

Akapiga magoti, akafungua begi. Akatoa kitenge cha mama wa msichana, kipya, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Akatoa shati la baba. Vilikuwa vimepita nchi zile zote chini ya nguo zao chafu. Akavipanga sakafuni kwa mikono miwili.

Mzee Alphonse alivitazama vitu vile.

"Mi njo nilimutuma," akasema. "Kama sikusema mama akuye..."

"Usiseme ile, papa. Ata mi, kama ni mutoto wangu mwanamuke, ningeomba vile."

Shangazi Virginie ndiye aliyesema kile ambacho wengine waliogopa kusema. Hakukisema kwa ubaya, alikuwa akilia. Alisema mtoto bado kijana. Hakutolewa mahari, hakuposwa, kwa mila si mjane wa mtu. Amlilie rafiki yake na majirani, kisha maisha yaendelee, wachumba wapo. Lakini vitu hivyo vikipokelewa leo, amekuwa mke wa marehemu. Atakaa kwenye godoro la wafiwa, atavaa nguo za msiba, na mwanaume atakayekuja kesho atamkuta na jina hilo.

"Yaya Alphonse, ufikirie," akamaliza. "Unamupatia mutoto ndoa ya kilio."

Maneno hayo yalikuwa na akili, na kila mtu mle ndani aliyaona. Mama Albertine mwenyewe aliinamisha kichwa, akasema anayosema shangazi ni kweli, na wakikataa hatawalaumu, ataokota vitu vyake na kwenda kulala kwenye depo ya mwanawe.

Mzee Alphonse akavuta kiti chake mpaka mbele ya Olive, magoti yao yakagusana. Akajinyoosha kama anavyojinyoosha baba siku ya présentation, na sauti yake ikawa ile ya siku hiyo, ya kusikika mpaka uani.

"Olive."

"Papa."

"Tumepata bageni. Unajua aba bantu?"

Olive alimtazama mwanamke aliyepiga magoti sakafuni, na msichana mwenye kile kipaji cha uso. Angeweza kusema ni watu wa rafiki yangu. Kila aliyekuwepo angemwelewa.

"Nabajua, papa."

"Ni bantu ya nani?"

"Ni bantu ya bwana yangu."

Mikono ya Mama Jeanne ikamkaza. Mzee Alphonse akafumba macho, lakini swali la mwisho lilikuwa bado, na halirukwi.

"Tubapokee?"

"Mubapokee."

Baba akainama, akakiokota kitenge na shati kutoka sakafuni, akavishika kifuani. Ndipo Mama Albertine alipomvuta Olive chini, akamkalisha kati yake na Abigaïl, na kumwambia sasa alie. Yowe la kwanza lilitoka kwa Mama Jeanne. Shangazi Virginie akafungua mlango wa mbele, akaanza kutoa viti nje kwa ajili ya majirani.